Mjumbe wa Benchi la Barre

Ukitoka sokoni Meru mjini ukapanda na barabara ya kwenda boma la serikali, kabla hujafika ua wa malori, utakuta benchi. Si kazi ya seremala hilo. Ni ubao wa nyuma wa lori la marehemu Elmi, lililobeba ngozi na chumvi kati ya Isiolo na Meru mpaka likafia njiani, na mwanawe Barre akauokoa ubao ule akaupigilia miguu minne. Watu wanne wanaenea hapo, mradi wasiwe wanene. Wa tano hukalia pipa la mafuta lililo pembeni. Barre mwenyewe hakai. Huchuchumaa kando ya jiko na birika lake la kahawa yenye tangawizi, anamimina na kusikiliza, kwa kuwa kahawa bila maneno ni maji machungu tu. Ulikuwa mwanzo wa mwaka wa hamsini na saba, Hali ya Hatari, ile Emajensi, ingali juu ya vichwa vya watu, na vinywa vyote vilikuwa na habari moja: Mwafrika sasa atapiga kura, achague mtu wa kumsemea Nairobi. Lakini asubuhi hiyo Barre alikuwa na habari yake mwenyewe, ambayo alilala nayo tangu jana.

Wateja watatu wa kila siku walikuwa wameshafika. Upande wa jiko alikaa Hezekiah, mwalimu mstaafu mwenye koti jeusi, ambaye mji mzima ulimwita Kura Tatu. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kura za watu hazitalingana. Mwenye masomo ana kura, aliyetumika miaka mingi ana kura, mwenye mali ana yake, mzee wa heshima ana yake, na mtu mwenye bahati aweza kufikisha tatu. Hezekiah alifikisha, na tangu siku hiyo hata kukohoa alikohoa kwa niaba ya watu watatu.

Katikati alikaa Mbaka wa Kianjai, jina la benchi Miti Mia, kwa sababu alikuwa miongoni mwa wale wa mwanzo walioruhusiwa kupanda kahawa, miti mia na usizidishe. Huyu alikuwa na kura mbili, na methali ya kila jambo, ingawa jambo na methali yake havikuwahi kukutana. Mwishoni alikaa Ndwiga, fundi wa cherehani kutoka Karurumo, Mwembu peke yake kati ya Wameru, mfupi wa kimo, ambaye kwa sababu hiyo walimwita Nusu Yadi. Kura yake ilikuwa moja, na alipata taabu sana kuipata, maana mtu wa Embu aliyetaka kura alipaswa kwanza kuonyesha kwamba anaipenda serikali, na ndugu yake Ndwiga alikuwa kizuizini Manyani.

Barre alimimina vikombe vitatu, kisha akasema:

— Wazee, jana jioni Njura alikuja hapa.

— Njura askari wa soko? Huyo anakujanga kila siku, akasema Ndwiga. Kunywa na kusahau kulipa.

— Jana hakunywa. Ndiyo nikajua kuna neno. Amesema Bwana D.O., yule afisa mzungu wa boma, anaona watu wanajaa hapa, na Emajensi haitaki mikusanyiko. Saa sita mchana wa leo mtu awe amefika boma kueleza hii benchi ni ya nini. Kama hakuna maelezo, inakatwa kuni.

Vikombe vitatu vikasimama hewani.

— Kuni? akauliza Mbaka. Ubao huu wa mninga?

— Kuni. Na mimi wazee nimefikiri, nikaona niende mwenyewe nimwambie D.O. kwamba hii benchi—

— Ngoja, Barre, akasema Hezekiah, akaweka kikombe chini polepole kama anayeweka Biblia. Usiharakishe mambo. Hili ni jambo la uwakilishi.

— La nini?

— La kusemewa. Wewe ukienda mwenyewe utaonekana unajipendelea. Benchi ni yako.

— Ndiyo maana nataka kwenda.

— Ndiyo maana huwezi. Serikali yenyewe imetufundisha mwaka huu. Watu hawaendi. Watu wanachagua memba, memba anaenda.

— Kweli kabisa, akadakia Mbaka. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

— Hiyo inasema kinyume, Mbaka. Inasema mtu mmoja hatoshi.

— Kwani wewe ni mmoja? Si wewe una kura tatu?

Barre akatazama kivuli cha ukuta wa ua, akakiona kimeanza kufupika. Alitaka kuwaambia kwamba jambo lenyewe halina kina hivyo, kwamba neno lake la kumwambia D.O. lilikuwa fupi kuliko hata Ndwiga. Lakini Hezekiah alikuwa ameshakunja mguu mmoja juu ya mwingine, na Hezekiah akikunja mguu, basi historia inaanza.

— Hiki kiti chetu cha Legiko, baraza la sheria kule Nairobi, kimetoka mbali, akasema. Mwanzoni kabisa, Mwafrika alisemewa na mzungu wa misheni. Anaamka asubuhi, anavaa kola yake, anawaambia wazungu wenzake, Waafrika wanasema hivi na hivi.

— Na alikuwa ametuuliza? akauliza Ndwiga.

— Alikuwa ametuombea. Baadaye Gavana akachagua Mwafrika mwenyewe kwa mkono wake. Na sasa ndiyo tunachagua sisi. Kiti ni kimoja, cha Meru na Embu na Wakikuyu wote.

— Kimoja? Mbaka akauliza. Wote hao?

— Kimoja.

— Basi ndiyo maana mimi nasikia memba hukaa kwa upande, akasema Ndwiga. Nimeshona suruali ya mtu ambaye binamu yake hufagia kule Nairobi. Anasema tako la kulia ni la Meru, tako la kushoto ni la Embu.

— Na Wakikuyu je?

— Wanashika mgongo wa kiti.

Wakacheka. Barre naye akacheka, akaongeza maji kwenye birika.

— Hapana, Nusu Yadi, hujui mambo, akasema Mbaka. Mimi nitawaambia hizi kura zilitoka wapi. Zilitoka kwa kahawa. Yule bwana shamba alipokuja Kianjai kuhesabu miti yangu, mlidhani anahesabu nini? Alikuwa anapima kura. Miti mia, kura moja. Ndiyo sababu walikataza tusipande zaidi. Tungepanda elfu, tungemchagua Gavana.

— Lakini wewe una kura mbili, akasema Hezekiah.

— Kuna miti mingine ilijiotea.

— Na ukifika huko ndani ya baraza, Ndwiga akaendelea kana kwamba hakuna aliyesema, kuna mtu anabeba rungu kubwa la dhahabu. Anaingia mbele ya wote. Ukisema maneno ya kupotea, unapigwa nalo hapa. Akagusa utosi. Memba wetu wa kwanza atakuwa mtu wa kichwa kigumu, na kichwa kigumu kinatoka Embu. Hilo Wameru wenyewe wanajua.

— Tunajua sana, akasema Mbaka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Nimesema kichwa.

— Kutoka guu hadi kichwa ni mbali?

— Wazee, akasema Barre. Jua linapanda. Mimi nilitaka tu kusema kwamba hii benchi inaingia—

— Tunachagua sasa hivi, Hezekiah akamkata. Wagombea ni nani?

Wagombea walikuwa Hezekiah na Mbaka, kila mmoja kwa pendekezo lake mwenyewe. Ndwiga hakugombea. Alikuwa ameshapiga hesabu akaona kwamba mtu wa kura moja kati ya tatu na mbili ana kazi nzuri kuliko kugombea. Mbaka akatia mkono mfukoni akatoa buni. Alitembea nazo siku zote, kavu na za kijivu, awaonyeshe watu wa mjini ni nini anacholima, ingawa kahawa yake mwenyewe alikuwa hajaionja hata siku moja, yote huiuza kwa chama cha ushirika. Akahesabu juu ya ubao: tatu za Hezekiah, mbili zake, moja ya Ndwiga.

— Na Barre? akauliza Ndwiga.

— Barre ana kura kweli? Hezekiah akamgeukia. Uliandikishwa?

— Nilikwenda, akasema Barre. Kwa Waafrika karani akaniambia, wewe Msomali, kura yako iko kwa Waasia. Nikaenda kwa Waasia. Mzee mmoja pale akaniangalia, akaniuliza kama najua kupika dengu.

Wote wakacheka, na Barre akacheka kwa kuwa ni yeye aliyesimulia. Lakini kicheko chake kiliisha kabla ya vyao. Alizaliwa nyuma ya ua huu huu, kitovu chake kilizikwa chini ya mahali malori yanapogeuzia, na Kimeru alikijua kabla ya Kiswahili. Kusema kweli iliuma.

— Basi sheria ni sheria, akasema Hezekiah kwa upole. Si sisi tuliitunga. Wewe mimina tu, Barre, usitie maanani.

Kampeni zikaanza. Mbaka alijipa zake mbili, Hezekiah akajipa tatu, na macho yakamgeukia Ndwiga, aliyekuwa akizungusha buni yake kati ya vidole kama aliyeokota almasi.

— Nikimpa Miti Mia mtakuwa tatu kwa tatu, akasema. Nikimpa Kura Tatu, kwisha maneno. Embu itafaidika nini?

— Ukinichagua mimi, akasema Mbaka, kila asubuhi Mwembu atakunywa kikombe cha kwanza bure.

Barre akainua uso.

— Mimi nitaongeza chapati, akasema Hezekiah.

— Chapati za nani? akauliza Barre.

— Na tangawizi mara mbili, akaongeza Mbaka. Mkono mtupu haulambwi.

Hiyo sasa ilikuwa mahali pake, mpaka Mbaka mwenyewe akashangaa. Hezekiah akaona mambo yanaharibika, akainama karibu na Ndwiga.

— Nitakupa upande wa jiko. Mimi nitahamia mwisho.

Ndwiga, aliyekuwa akipigwa na baridi ya mlima miaka mitatu mwishoni mwa benchi, akaiweka buni yake kwenye rundo la Hezekiah bila neno jingine.

— Mheshimiwa, akasema.

Hezekiah akasimama, akafunga vifungo vya koti.

— Watu wangu wa benchi, nawashukuru. Kabla sijaenda boma lazima tuelewane mipaka. Benchi linaanzia hapa na kuishia hapa. Hili pipa halimo.

— Pipa halimo? Ndwiga akashtuka. Mimi hukaa hapo siku ya soko.

— Siku ya soko utakuwa nje ya mipaka yangu. Mjumbe hawezi kusemea mapipa. Tukianza na pipa, kesho watakuja wa mawe, kesho kutwa wa mtaro.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja, kikapu cha ndizi mgongoni, kamba yake ikipita kipajini. Alikishusha karibu na benchi akapumua.

— Hamjambo wazee. Lori la Bulle la kwenda Isiolo limeondoka?

— Bado, mama, akasema Barre. Linapakiwa. Karibu ukae.

Jina lake Kathure, alitoka Mikinduri kabla ya jua. Akakaa nafasi ya nne, akapewa kahawa, akanywa huku akisikiliza habari za mipaka, na rungu la dhahabu, na namna mheshimiwa atakavyoanza hotuba yake, kama aanze na salamu za Malkia au aanze na Zaburi. Mbaka alipendekeza aanze na methali. Ndwiga akasema hapana, wanataka benchi libaki.

— Mnasema juu ya benchi gani? akauliza Kathure.

— Hii umekalia, akasema Hezekiah. Serikali inataka kuikata. Wamenichagua mimi nikaisemee.

— Na ni ya nani?

— Ya Barre, huyu wa kahawa.

Kathure akamtazama Barre, aliyekuwa akipuliza makaa.

— Na yeye alimchagua nani?

Mbaka akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lipigiliwe miguu, hakuna methali iliyotoka. Hezekiah akakohoa, lakini safari hii alikohoa kama mtu mmoja.

— Mama, sheria… akaanza Hezekiah, akaishia hapo.

— Sijauliza sheria, baba. Nauliza tu. Akamgeukia Barre. Wewe ungesema nini huko?

Barre akasimama.

— Nilikuwa nataka kusema tangu asubuhi. Ningemwambia D.O., bwana, aje aangalie. Hii benchi inaingia watu wanne. Wa tano hatoshi hata ukimsukuma. Watu wanne si mkutano. Ni hayo tu.

— Basi kwa nini asiione? akauliza Kathure.

Barre akamtazama, kisha akautazama ubao wa baba yake.

— Inukeni, wazee, akasema.

Wakainuka, kwa kuwa sauti hiyo hawakuwahi kuisikia kwake. Buni sita zikamwagika vumbini. Barre akashika benchi upande mmoja, Kathure akakiacha kikapu chake karibu na jiko akashika wa pili, wakapanda nalo barabara ya boma, Barre mbele, mama wa Mikinduri nyuma.

Mbaka akawatazama mpaka wakapinda kona.

— Paka akiondoka panya hutawala, akasema, bila nguvu.

— Mheshimiwa, akauliza Ndwiga, mjumbe akinyang'anywa mahali pake, anabaki mjumbe wa nini?

Mlimani, Barre alikuwa akihema. Ubao ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka.

— Hii ilikuwa ya lori la baba yangu, akasema bila kugeuka.

— Nimeona bado ina rangi chini, akasema Kathure. Na mbona wewe hukai?

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Barre hivyo. Nafasi zilikuwa nne na wateja ni wateja.

Boma kulikuwa na watu wengi wamesimama juani wakingoja pasi za kusafiria. Njura alipowaona alitaka kuwarudisha, lakini Bwana D.O. alikuwa barazani tayari, na mwanamke na mwanamume waliobeba benchi si kitu ambacho mtu huona kila siku. Barre akaliweka chini mbele ya ngazi.

— Bwana, hii ndiyo ile benchi. Naomba Njura akae.

Njura akakaa. Mama Kathure akakaa. Akaitwa karani, mtu wa tumbo, akakaa. Bwana D.O. akaashiria kwa kidole, na Barre akakaa nafasi ya nne. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Mninga ulikuwa na joto la jua, na alifurahi, furaha ya wazi ya mtoto aliyepandishwa lori na baba yake. Askari mwingine akaambiwa ajaribu kuingia. Akajaribu kulia, akajaribu kushoto, karani akamtazama vibaya, akaacha.

— Nne, akasema Bwana D.O. kwa Kiswahili chake. Hii hapana mkutano. Lakini tano, mkutano. Mimi nakata. Umesikia?

— Nimesikia, bwana.

Walipotelemka na benchi, kivuli cha ukuta kilikuwa kimejikunja chini ya ukuta wenyewe, na wale watatu wangali wamesimama palepale, wamelizunguka jiko kama wafiwa. Barre akaliweka benchi mahali pake, miguu ikaingia katika vitundu vyake ardhini.

— Imebaki? akauliza Ndwiga.

— Imebaki. Watu wanne. Wa tano akikaa, inakatwa.

Hezekiah akanyoosha koti.

— Ndugu zangu, akasema, mmeona wenyewe. Siku moja tu tangu mnichague, na benchi imerudi. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na mjumbe.

Ndwiga alikuwa akikimbilia upande wa jiko alioahidiwa, na Mbaka akafuata haraka karibu naye. Lori la Bulle lilikuwa bado halijapakiwa lote, kwa hiyo Kathure akakaa nafasi ya tatu, akavuta kikapu chake karibu na miguu. Barre akamimina kikombe, akampa yeye kwanza. Akajimiminia cha pili. Kisha badala ya kuchuchumaa akazunguka jiko, akasema samahani mama, akakaa.

Hezekiah akahesabu kwa macho, kutoka kushoto kwenda kulia. Akahesabu tena kutoka kulia. Akamtazama Barre, na Barre akapuliza mvuke wa kahawa yake bila haraka. Wakati huohuo Njura alikuwa akipita ng'ambo ya barabara, naye pia akihesabu.

Mheshimiwa akarudi nyuma hatua chache, akakalia pipa.

— Mheshimiwa, akasema Ndwiga kwa upole, hapo si ulisema ni nje ya mipaka?

— Nakagua, akasema Hezekiah.

Akakaa akikagua, mikono magotini. Baada ya muda akanyoosha shingo kuelekea jiko.

— Barre. Kahawa bado iko?

Barre akalinyanyua birika, akalitikisa karibu na sikio, halafu akainama akaziokota zile buni sita vumbini, moja moja, akamwekea Hezekiah kiganjani.

— Ya birika imekwisha, Mwalimu, akasema. Hii ndiyo imebaki. Lakini za Mbaka na Ndwiga nazo zimo humo, kwa hiyo ukikaanga, waulize kwanza.